Vilele Saba Bila Kuona Hata Kimoja

Milima ya Ngong huonekana vizuri sana kutoka Nairobi kila siku, isipokuwa ile siku uliyojinyima usingizi ukaenda kuipanda. Ijumaa jioni imejipanga pale magharibi, myeusi, jua linatua nyuma yake, na mtu aliyekwama kwenye foleni ya magari Lang'ata ana muda wa kuihesabu mara mbili. Jumamosi saa moja asubuhi yote imetoweka, na mahali pake pamewekwa kitu cheupe kisicho na mwanzo wala mwisho. Mwenye busara angerudi kulala. Lakini wewe umeshatuma pesa kwa kiongozi wa kikundi, na pesa ya kikundi hairudishwi.

Mwongozo huu utakusaidia kuvimaliza vilele vyote saba kwa siku moja, kutoka mji wa Ngong upande wa kaskazini hadi Kona Baridi upande wa kusini, kama kilomita 11 za kupanda na kushuka, bila kuona kilele hata kimoja. Anayetaka kuona, Januari na Februari zipo. Atapanda, atalitazama Bonde la Ufa mkono huu na jiji mkono ule, atapiga picha, atarudi nyumbani ameridhika. Mtu kama huyo hahitaji mwongozo.

Chagua Julai. Kati ya Juni na Agosti hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inapanda taratibu na nchi mpaka Nairobi, halafu inakuta ukuta huu umesimama ukingoni mwa Bonde la Ufa. Haina pa kupita ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa unyevu wake unageuka matone, na matone hayo ndiyo yatakayokuwa yanakudondoka kwenye nyusi. Kwa hiyo usiseme wingu limekuja kukuharibia siku. Mlima wenyewe ndio unaolipika, na utaendelea kulipika mpaka jua lipate nguvu saa tano au saa sita, kama siku hiyo litajisumbua kupata nguvu. Watu wa hali ya hewa wanahesabu kuwa ni ukungu pale jicho lisipofika kilomita 1. Hiyo ni hesabu ya watu wa viwanja vya ndege. Kwenye mgongo wa Ngong, ukiona mita 20 mbele yako, shukuru na usimwambie mtu.

Kabla ya kufunga kamba za viatu, kuna jambo la kuamua: vilele ni vingapi? Kenya nzima inasema saba. Waliovitazama kwa mbali husema milima hii ni vifundo vya ngumi iliyofukiwa ardhini, na ukikunja ngumi yako sasa hivi utaona vifundo vinne. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya milima hii hadi 1931, naye alivitaja vinne katika kitabu chake cha 1937. Hivyo vitatu vilivyoongezeka tangu hapo vimetoka wapi, hakuna anayeeleza. Ukweli ni kwamba mgongo huu unapanda na kushuka mara nyingi, mara kwa ukali, mara kwa aibu, na kila mtu ana maoni yake kuhusu kipi ni kilele na kipi ni nundu tu ya njiani. Siku ya jua ubishi huo unaweza kumalizwa kwa kunyoosha kidole. Siku ya ukungu haumalizwi na yeyote, na hapo ndipo raha yote ilipo. Kilele ni pale kiongozi aliposimama kuhema.

Msidhani ni ushamba wetu. Huko Scotland, Hugh Munro alichapisha mwaka 1891 orodha ya milima yote ya nchi yake inayozidi futi 3,000, yaani kama mita 914, na mpaka leo watu wazima wenye familia na mikopo ya nyumba huiandama orodha hiyo, wakiweka alama mmoja mmoja. Leo imetulia kwenye milima 282, baada ya miaka mingi ya kupima upya, kuongeza na kufuta. Munro mwenyewe alifariki mwaka 1919 bila kuimaliza. Na Scotland, kwa wasiojua, ndiyo makao makuu ya ukungu duniani, kwa hiyo jamaa wale wamekuwa wakihesabu wasichokiona kwa zaidi ya karne. Sisi bado wanafunzi.

Sasa kikundi. Usiende peke yako, na hapa naweka kejeli pembeni kidogo: ukungu humficha mwenye nia mbaya vilevile unavyokuficha wewe, na watu wameporwa kwenye milima hii. Nenda na kikundi, na kikundi kiende na askari wa Huduma ya Misitu, ambao hupatikana langoni kwa malipo. Malipo yenyewe ni kwa simu, na mtandao wa simu nao hupenda kwenda likizo kunapokuwa na baridi, kwa hiyo mtasimama langoni watu kumi na wawili mmeinua simu juu mkiomba. Mmoja wenu ataipata, atawalipia wote, na atawakumbusha deni hilo mpaka Krismasi.

Kikundi hukusanyika kwenye WhatsApp wiki mbili kabla. Kiongozi huandika kwamba safari hii ni nyepesi, 4 kati ya 10. Usimuulize hizo 10 ni nini. Kipimo hicho kilitungwa na mtu mwenye mapaja ya chuma ambaye hupanda Mlima Kenya kama wewe unavyopanda ngazi za ofisini, na alikupangia hiyo 4 mwezi wa Februari, njia ikiwa kavu. Tangazo linasema mnaondoka mjini saa kumi na mbili kamili alfajiri. Fika saa moja kasorobo na utakuwa wa tatu. Wa nne atakuja saa moja na nusu akisema yuko hapo tu karibu, na kwa kuwa hata mjini kuna ukungu, huwezi kumkanusha.

Mavazi. Wauzaji wa vifaa vya milimani watakuambia ununue koti lisilopitisha maji, suruali inayokauka upesi na viatu vyenye meno. Wote wanasema kweli, na viatu vyenye meno utavipata soko la Gikomba kwa bei ya kuelewana, vimeshatembezwa milima ya Ulaya na mtu ambaye hatujui kwa nini aliviacha. Lakini mwanakikundi halisi huja na jinzi. Jinzi ikilowa haikauki tena mpaka Jumanne, huongeza uzito kila hatua, na kwenye upepo inakunyonya joto la mwili kwa bidii isiyo na malipo. Hapo juu ni baridi kuliko Nairobi kwa kama nyuzi 5 za Selisiasi, na hilo ni kabla upepo haujafungua mdomo. Mtu anayetetemeka, mwili wake bado unapigana. Akiacha kutetemeka, akaanza kujikwaa, akajibu maswali nusu nusu na kusema hasikii baridi tena, acheni utani: mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, kama anameza vizuri mpeni kitu cha moto na cha sukari, mshuke naye. Kwa sababu hiyo kila kikundi kinahitaji mtu mmoja mwenye fulana ya sufu ya akiba na thamosi ya chai ya tangawizi. Mtafute mapema, jifanye rafiki yake.

Utaanza kupanda, na kitu cha kwanza kukutana nacho utakisikia kabla ya kukiona. Ni sauti ya kitu kizito kinachopasua hewa: vuuu, kimya, vuuu, kimya. Mgeni hudhani ni ndege inayotafuta mahali pa kutua. Ni mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen. Miwili ya kwanza ililetwa hapa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji; siku hizi iko 30, yenye uwezo wa megawati 25.5 kwa jumla, na mapanga yake yanachora duara lenye kipenyo cha mita 52. Siku ya jua ni mitambo ya kupendeza na kila mtu anapiga nayo picha. Siku ya ukungu utaona shina lake jeupe likipotea kwenye weupe, halafu ghafla, juu ya kichwa chako, ncha moja inateremka kutoka mawinguni, inakusalimu, inarudi ilikotoka. Dada mmoja kikundini atapiga kelele. Kila mtu atamcheka, na kila mtu atakuwa ameinama.

Mitambo hiyo ina somo ambalo wapandaji wengi hulipita. Hakuna mhandisi anayefunga mitambo 30 mahali pasipo na upepo wa kutegemewa, na hapa upepo mwingi unatoka mashariki. Mgongo wa milima nao umelala kaskazini kwenda kusini. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja utagundua kwamba Mungu amekupa dira miaka yote hiyo: shavu lako. Unapokwenda Kona Baridi, shavu la kushoto linapaswa kufa ganzi na la kulia libaki la kibinadamu. Mashavu yakibadilishana zamu, unarudi Ngong. Upepo ukikupiga usoni huku unateremka, unashukia mashariki, kwenye mashamba na mabati ya watu, na jambo baya zaidi litakalokupata ni mbwa. Ukikusukuma mgongoni huku unateremka, simama. Simama hapo hapo. Unashukia Bonde la Ufa, mamia ya mita chini, upande ambao milima hii ilikatika: volkeno hii ya kale ilipasuka ardhi ilipofunguka, upande wake wa magharibi ukazama, na tunachokipanda leo ni ukingo uliosalia. Ukiteremka huko utafika mahali pazuri sana pasipo na matatu.

Shavu lina kasoro zake. Kwenye mabonde kati ya kilele na kilele upepo hupinda, hujikunja, huja kutoka popote. Ndiyo maana watu wazima hubeba dira ya kweli, ile ya sindano, inayouzwa bei ndogo kuliko kilo mbili za nyama. Na tuko Kenya, ambako kaskazini ya sindano na kaskazini ya ramani zinakaribia kulingana, kwa hiyo ile hesabu ya kusahihisha inayowatoa jasho Wazungu kwao sisi tumesamehewa. Simu pia ina dira, ramani na kila kitu. Simu hiyo hiyo ina skrini isiyotii kidole kilicholowa, na betri ambayo kwenye baridi hushuka kutoka asilimia 40 hadi kaburini bila kuaga. Ipakue ramani nyumbani, iweke simu karibu na kifua, na usiitumie kucheza muziki. Hakuna anayetaka kusikia muziki wako. Tunasikiliza mahali uliko mtambo wa upepo.

Kosa kubwa zaidi la ukungu halifanyiki njiani, linafanyika kileleni. Mmepanda, mmefika, mna furaha. Mnapiga picha ya pamoja: watu kumi na wawili na nyuma yao hakuna kitu. Mnageuka ili mwenye simu nzuri asipigwe na upepo. Mnageuka tena kwa sababu mmoja alifumba macho. Mnakula ndizi. Halafu kiongozi anasema "twende," na kila mtu anaondoka kuelekea alikokuwa ametazama wakati wa picha. Kila kilele cha Ngong kina miguu inayoteremka kando, mashariki na magharibi, na kwenye ukungu mguu wa pembeni na mgongo wenyewe vinafanana kabisa kwa mita 100 za kwanza. Utateremka kwa kujiamini. Utasifu jinsi njia ilivyo laini. Kumbe ni njia ya mbuzi, na mbuzi ana shughuli zake ambazo hazihusiani na vilele saba.

Kwa hiyo kabla ya ndizi, kabla ya picha, kabla hata ya kukaa, mtu mmoja aweke fimbo chini ielekee mnakokwenda, na asiruhusu yeyote aiguse. Atachekwa sana. Mwache achekwe.

Anayeamini kwamba yeye ana hisia za asili za kutembea moja kwa moja, nampa habari mbaya. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio ya kuwatembeza watu kwenye msitu mnene na kwenye jangwa la Sahara, wakiwa wameambiwa wanyooshe tu. Jua au mwezi vilipoonekana, walinyoosha. Vilipofunikwa na mawingu, waliojiona wananyoosha walizunguka na kukatiza njia yao wenyewe bila kujua. Waliofungwa macho walizunguka hata kwenye duara lisilofika mita 20. Ugunduzi huo uligharimu tiketi za ndege hadi Tunisia. Wangetuuliza sisi tungewatolea ushahidi kwa nauli ya matatu nambari 111: mtu aliyekwenda kujisaidia nyuma ya kichaka, akarudi kwa njia iliyonyooka kabisa, akajikuta kwenye kikundi kingine, akala chakula chao.

Tuje kwenye muda. Mskoti mwingine, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado hatujaishinda: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kanuni hiyo ilifikiriwa na mtu mwenye afya njema asiyepiga picha. Kwa Ngong ongeza utelezi, ongeza kusubiriana, ongeza mjadala wa kila kilele. Tena ubaya wa vilele vingi ni kwamba urefu haukusanyiki. Kila unachopanda unakirudisha bondeni kama mkopo wa chama, halafu unakopa upya. Kilele cha juu zaidi, Lamwia, chenye mita 2,460, hukipati mapema ukiwa na nguvu. Ukitokea Ngong kimewekwa mwishoni, pale magoti yameshaanza kuandika barua ya kujiuzulu.

Kwenye safari kama hiyo kuna maneno mawili yatakayokuokoa: "bado kidogo." Kila anayeteremka huulizwa, na kila anayeulizwa husema bado kidogo. Siku ya jua ni uongo unaoshikika, maana mlima uko pale, mrefu, unatazama. Kwenye ukungu ni uongo uliokamilika. Anayeuliza haoni, anayejibu hakumbuki, wote wawili wanaachana wakiwa na amani. Ukiwa kiongozi, usitumie kilomita kamwe. Sema dakika ishirini. Dakika ishirini zikiisha, sema tena.

Na hesabu ikipotea kabisa, subiri kengele. Ng'ombe kwenye ukungu huja kwanza kama nyati. Umbo jeusi, pembe, kusimama kimya; kikundi kizima kinaganda, askari anatazama saa yake. Halafu kengele inalia shingoni, nyati anakuwa ng'ombe, na nyuma yake anatokea kijana wa Kimaasai, shuka imefungwa hadi masikioni, akala miguuni, fimbo mabegani.

"Supa," kiongozi wenu atasema, kwa lafudhi ya mtaa wa Umoja, Nairobi.

"Ipa. Habari zenu."

"Nzuri, ndugu yangu. Samahani, hapa ni kilele cha ngapi?"

"Cha ngapi namna gani?"

"Katika vile saba. Sisi tunasema hiki ni cha tano."

Kijana atageuka kutazama huku na huku, kwa heshima tu, maana kwa macho haoni zaidi yenu. "Wale wa asubuhi walisema ni cha tatu. Wengine wamepita sasa hivi, wakasema ni cha sita."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi natafuta mbuzi wawili, mzee. Hamjawaona?"

Hapo kikundi kitapiga kura. Cha tano kitashinda, wawili watakataa kupiga.

Wapo watakaolalamika kwamba wametoa pesa na hawajaona chochote. Wajibu kwa kuwasomea walichokikosa, kwa sauti ya mwongoza watalii, ukinyoosha mkono kwenye weupe. Mkono wa kulia, mabibi na mabwana, ni Bonde la Ufa, na kule mbele ni Suswa. Nyuma kidogo, Longonot, mita 2,776. Kushoto ni jiji la Nairobi na hifadhi yake ya wanyama. Hapa chini, kwenye mteremko wa mashariki, ni kaburi la Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen Blixen, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931; filamu ya 1985 kuhusu wawili hao ilimfanya kila Mmarekani atake kuja hapa. Nguzo yake ipo, tunaipita, msihangaike kutazama. Siku ikiwa njema sana huonekana Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Leo imeonekana yote miwili sawasawa.

Kuna zawadi moja tu ambayo mwenye jua hawezi kuipata, na sitaifanyia mzaha mwingi. Ikitokea asubuhi jua limepenya mashariki nyuma yenu, huku upande wa Bonde la Ufa bado umejaa ukungu, simama ukingoni utazame chini magharibi. Utaona kivuli chako kimelala juu ya ukungu, kirefu kupita kiasi, na kuzunguka kichwa chake kuna duara la rangi za upinde wa mvua. Kivuli hicho Wazungu hukiita zuka la Brocken, kwa jina la mlima mmoja wa Ujerumani. Duara lenyewe ni mwanga unaorudishwa na matone madogo kuelekea ulikotoka, na kwa kuwa hurudi kwenye jicho la anayetazama, kila mtu huona taji kwenye kichwa cha kivuli chake mwenyewe, wenzake hawana. Ubishi utakaozuka kikundini kuhusu nani mtakatifu unaweza kuchukua nusu saa. Iongezeni kwenye hesabu ya Naismith.

Siku ambazo hupaswi kupanda kabisa ni zile za ngurumo, Aprili na Novemba hasa. Mgongo mtupu wenye minara ya chuma si mahali pa kusubiri radi ipite. Ukisikia ngurumo, teremka mashariki, uache vilele vyako hapo. Havitaibiwa. Vilevile ikifika saa kumi jioni na bado mnajadili kama mko kwenye cha nne, teremkeni mashariki; karibu na ikweta giza halibishi hodi, saa kumi na mbili na nusu bado unaona viatu vyako na saa moja huvioni.

Mwisho wa mteremko utasikia lori likibadilisha gia kwenye barabara ya Magadi. Hiyo ni Kona Baridi, na jina hilo halikutolewa kwa utani. Tafuteni mahali pa nyama kabla ya kutafuta matatu. Agizeni mbuzi, ugali na kachumbari, na kabla nyama haijaiva afungwe mdomo mtu yule mwenye programu kwenye simu inayodai mmepanda vilele sita. Huyo yuko kila kikundi. Simu yake itapitishwa meza nzima, kila mtu atakuza ule mchoro kwa vidole, na itaamuliwa kwamba satelaiti nazo hazikuona vizuri kwa sababu ya ukungu. Satelaiti hazizuiwi na ukungu, lakini hapo si mahali pa kulisema.

Ndani ya matatu ya kurudi kupitia Kiserian, weka gazeti chini ya viatu kabla makanga hajaviona. Atakuuliza mmetoka shamba la nani.

Jioni hiyo picha kumi na mbili zitawekwa kwenye kikundi, zote nyeupe, na utaambiwa uchague yako. Chagua yoyote. Chini yake, kabla hujamaliza kuoga, kiongozi atakuwa ameshatuma tangazo jipya: Elephant Hill, Aberdare, mwezi ujao. Kuna sehemu ya njia hiyo ambayo wapandaji wenyewe wameibatiza Kituo cha Kukata Tamaa. Ugumu, 7 kati ya 10. Hali ya hewa, mawingu kiasi. Mwisho wa kulipa ni Jumatano, na nafasi zilizobaki ni tano, au nne, inategemea nani amehesabu.